Soka la Japani chini ya J1: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule aliyeliona jina Kamatamare Sanuki kwenye mkeka wake akajiuliza kama hiyo ni timu au ni chakula. (Ni vyote viwili, tazama swali la majina.) Habari za J1, ligi kuu ya Japani, zina wasimulizi wa kutosha. Hapa tunashuka: J3, JFL, ligi za kanda, mpaka viwanja ambavyo mpira ukitoka nje kipa anaufuata mwenyewe.

## Mambo ya kuanzia

Ngazi ziko ngapi?

Juu kuna J.League yenye madaraja matatu, J1, J2 na J3, na tangu 2024 kila moja lina klabu 20. Chini yake ipo JFL (Japan Football League) yenye klabu 16. Hiyo ndiyo daraja la nne, na ndiyo ligi ya mwisho ambayo timu zake husafiri nchi nzima. Ukishuka tena unakuta ligi tisa za kanda, kisha ligi za mikoa.

Ukitaka namba moja hutaipata, kwa sababu kanda nyingine zina daraja moja na nyingine mawili, na mikoa nayo ina utaratibu wake. Timu inayoanzia chini mkoani ina kama ngazi saba au nane za kupanda kabla ya kuikanyaga J1.

Kwa nini vitabu vya zamani vinaiita JFL daraja la tatu?

Kwa sababu ilikuwa hivyo. J.League ilianza 1993 na klabu 10 tu. J2 ilikuja 1999, mwaka uleule JFL ya sasa ilipoundwa, na kwa miaka 15 JFL ikakaa moja kwa moja chini ya J2. J3 ilipozaliwa 2014 ilichomekwa katikati, JFL ikasogea chini hatua moja bila kufungwa bao lolote.

"Kanda" na "mkoa" tofauti yake nini?

Japani ina mikoa 47. Kwa ajili ya soka mikoa hiyo imepangwa katika kanda tisa: Hokkaido, Tohoku, Kanto, Hokushinetsu, Tokai, Kansai, Chugoku, Shikoku na Kyushu. Hokkaido ni kanda na mkoa kwa wakati mmoja, kisiwa kizima. Okinawa, ambayo iko mbali kusini baharini, inahesabiwa Kyushu, kwa hiyo timu ya huko hupanda ndege kwenda kucheza mechi ya daraja la tano.

Usizichukulie kanda hizi kama zinalingana. Kanto ina Tokyo na majirani zake, watu mamilioni kwa mamilioni, na ushindani wake unaua. Hokkaido ina timu nane kwenye ligi yake ya juu na theluji inayokula miezi mingi ya mwaka, kwa hiyo msimu wake ni mfupi.

Wachezaji wa huko chini wanalipwa?

Wengine ndiyo, wengi hapana, na wengine nusunusu. Ndani ya JFL utakuta klabu yenye kikosi cha kulipwa ikicheza na timu ambayo winga wake asubuhi alikuwa kiwandani. Kwenye ligi za kanda kawaida ni kazi mchana, mazoezi usiku chini ya taa, mechi Jumapili.

Wajapani wana neno *shakaijin*, yaani mtu mzima aliyekwisha kuingia kwenye maisha ya kazi, si mwanafunzi tena. Soka ya ngazi hizi huitwa soka ya *shakaijin*. Neno "ridhaa" tunalolitumia sisi halibebi kila kitu kilichomo humo, maana baadhi yao wana mkataba wa ajira mzuri kuliko wachezaji wa kulipwa wa J3.

Olunga naye alipita huku?

Alipita J2 tu. Michael Olunga alifika Kashiwa Reysol 2018, timu ikashuka, akabaki nayo. Tarehe 24 Novemba 2019, siku ya mwisho ya msimu, Reysol waliifunga Kyoto Sanga 13–1 na mabao manane yalikuwa ya Mkenya huyo peke yake. Mwaka uliofuata, wakiwa wamerudi J1, alifunga 28 na kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Lakini J2 ni soka ya kulipwa kamili. Tunayoyazungumza hapa yanaanzia chini zaidi.

## Timu za kampuni na timu za mji

Mbona kuna timu inaitwa Honda? Ni ile ya pikipiki?

Ndiyo ile. Honda FC ya Hamamatsu, mkoa wa Shizuoka, ni timu ya kampuni, na wachezaji wake wengi ni waajiriwa. Kwa Mtanzania aliyezoea Mtibwa Sugar au Mkenya anayeijua Bandari, hili si jambo la kushangaza. La kushangaza ni kwamba ndiyo asili ya karibu soka yote ya juu ya Japani: Urawa Reds walitoka Mitsubishi, Júbilo Iwata walitoka Yamaha, Nagoya Grampus walitoka Toyota, Kashima Antlers walitoka Sumitomo Metal. J.League ilipoanza ilisema jina la kampuni litoke, la mji liingie. Waliokubali wakaenda juu. Honda walibaki.

Honda FC wanashinda JFL mara kwa mara. Kwa nini hawapandi?

Kwa sababu hawataki. Hawaombi leseni ya J.League (tazama swali la leseni), na bila leseni ubingwa wao unaishia kwenye kabati la makombe. Zamani wazo la kwenda J.League liliwahi kuzungumzwa, likaachwa.

Kwa hiyo wamebaki pale mlangoni, na mashabiki wa Japani wanawaita bawabu wa JFL. Klabu yenye ndoto kubwa, mkopo wa benki na meya nyuma yake inafika Hamamatsu, kwenye uwanja mdogo wa Miyakoda, na kupigwa na watu ambao Jumatatu wanarudi kazini. Mimi nawapenda kwa sababu hiyo hasa. Ligi inahitaji mtu wa kuuliza "una nini mkononi?" kabla ya kukufungulia.

Na si kwamba hawawezi. Kwenye Kombe la Mfalme la 2019, kombe la mtoano linalokutanisha timu za madaraja tofauti, waliwatoa Consadole Sapporo na Urawa Reds, timu mbili za J1, wakafika robo fainali na kufungwa na Kashima Antlers bao 1–0.

Timu za kampuni zinaendelea kuwepo?

Zinapungua. Udhaifu wake unajulikana: mkurugenzi mmoja akibadilisha mawazo, timu imekwisha. Sony Sendai, waliokuwa sehemu ya JFL kwa miaka mingi, walivunjwa mwishoni mwa msimu wa 2024. Wengine hubadilika jina kampuni inapouzwa, kama Honda Lock ya Miyazaki iliyogeuka Minebea Mitsumi mwaka 2023.

Na hayo majina ya ajabu, yanatoka wapi?

Sheria ya kuondoa majina ya kampuni iliacha nafasi tupu, na Wajapani wakaijaza kwa kamusi za Kizungu na lahaja za nyumbani. Kamatamare Sanuki ni *kamatama*, aina ya tambi nene za udon zinazochanganywa na yai, fahari ya mkoa wa Kagawa, ikaunganishwa na *mare*, bahari kwa Kiitaliano. Fagiano Okayama ni fezanti kwa Kiitaliano, ndege wa porini wa jamii ya kuku, kutoka kwenye ngano ya Momotaro ambayo Okayama wanaidai ni yao. Grulla ya Morioka ni korongo kwa Kihispania. Zweigen Kanazawa ukilisoma kwa Kijerumani lina "mbili" ndani yake, ukilisikia kwa lahaja ya Kanazawa linasema "tuna nguvu". Veertien Mie ni "kumi na nne" kwa Kiholanzi.

Ninalolipenda kuliko yote halina Uzungu: Matsumoto Yamaga. Yamaga ulikuwa mgahawa wa kahawa karibu na stesheni ya Matsumoto, na wateja wake wa kila siku waliunda timu mwaka 1965. Vijiwe vya kahawa tunavijua sisi watu wa pwani, na mabishano ya mpira yanayozaliwa humo. Hiki cha Matsumoto kilifika J1.

## Kupanda na kushuka

Timu ya kanda inapandaje JFL?

Kuwa bingwa wa kanda hakutoshi. Mabingwa tisa, pamoja na wachache wanaoingia kupitia kombe la taifa la *shakaijin*, hukutana Novemba kwenye mashindano yaitwayo Chiiki Champions League. Kabla ya 2016 yaliitwa kwa jina jingine lakini mateso ni yaleyale. Mtanzania akiifikiria RCL, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, amekaribia sana.

Timu 12 hugawanywa makundi matatu ya timu nne. Kwa miaka mingi kila kundi limemaliza kazi kwa siku tatu mfululizo: Ijumaa mechi, Jumamosi mechi, Jumapili mechi. Wanne wanaobaki huenda raundi ya mwisho, nayo ina mechi tatu ndani ya siku tano. Bingwa hupanda. Wa pili hupanda au hucheza mchujo, kulingana na nafasi zilizopo mwaka huo.

Mfikirie beki wa kati aliyeomba ruhusa kazini Ijumaa. Jumapili mchana, dakika ya 80, misuli ya paja imekaza, timu inaongoza 1–0, na kazi ya miezi minane ya ligi imesimama juu ya kona moja. Wapo waliokuwa mabingwa wa kanda yao mara nyingi, kila Novemba wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Hilo kombe la *shakaijin* nalo likoje?

Kali zaidi. Kwa muda mrefu utaratibu wake ulikuwa timu 32, mtoano, mechi tano kwa siku tano, kila mechi dakika 80 badala ya 90. Punguzo la dakika kumi ndilo huruma yote waliyopewa. Faida yake ni kwamba timu iliyokosa ubingwa wa kanda inapata mlango wa nyuma.

Leseni ya J3 inadai nini?

Hapa ndipo wengi hukwama. Ili klabu ya JFL ipande J3 inatakiwa kumaliza nafasi mbili za juu na pia kuwa na leseni. Leseni hutazama vitabu vya fedha, uongozi, timu za vijana na uwanja. Kwa J3 kipimo cha kawaida cha uwanja ni watu 5,000, kwa J2 ni 10,000, kwa J1 ni 15,000. Klabu ya JFL hutakiwa pia kufikisha wastani wa watazamaji 2,000 nyumbani, na kwenye mji mdogo namba hiyo ni mlima. Wapo wanaopambana na wapinzani uwanjani huku jicho moja liko jukwaani likihesabu vichwa.

Bingwa mwenye leseni hupanda moja kwa moja. Wa pili mwenye leseni, bingwa naye akipanda, hucheza mchujo na timu ya 19 ya J3.

Je, timu ya J3 inaweza kushuka kwenda JFL?

Tangu 2023, ndiyo, kama kuna wa kuchukua nafasi yake. Mwaka huohuo wa kwanza Giravanz Kitakyushu walimaliza mkiani mwa J3 na hawakushuka. Bingwa wa JFL alikuwa Honda, wa pili Briobecca Urayasu, na hakuna kati yao aliyekuwa na leseni. Kitakyushu waliokolewa na makaratasi ya watu wengine.

Mwaka 2024 mlango ulifunguka kweli. Tochigi City walichukua ubingwa wa JFL wakapanda, Iwate Grulla Morioka wakashuka. Kochi United wakawashinda YSCC Yokohama kwenye mchujo, na mkoa wa Kochi ukapata klabu ya J.League kwa mara ya kwanza, wa mwisho kati ya mikoa minne ya kisiwa cha Shikoku.

Nani amepanda haraka kuliko wote?

Mfano unaotajwa zaidi ni Iwaki FC wa mkoa wa Fukushima. Mwaka 2016, miaka mitano baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia, walikuwa daraja la pili la ligi ya mkoa. Mwekezaji alikuwa kampuni ya vifaa vya michezo iliyokuwa na ghala kubwa mjini Iwaki. Wachezaji walifanya kazi ghalani, walikula kwa ratiba ya wataalamu wa lishe na kunyanyua vyuma kama wanamieleka. Juni 2017, wakiwa bado ligi ya mkoa, waliwachapa Consadole Sapporo wa J1 mabao 5–2 kwenye Kombe la Mfalme, baada ya muda wa nyongeza.

Baada ya hapo walikanyaga kila ngazi: Tohoku daraja la pili 2018, la kwanza 2019, JFL 2020, mabingwa wa JFL 2021, mabingwa wa J3 2022, J2 mwaka 2023. Hakuna waliyoiruka, ila hakuna waliyokaa muda mrefu.

Na FC Imabari ya Okada?

Takeshi Okada aliifundisha timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia 1998 na 2010. Mwaka 2014 akainunua timu ya Ligi ya Shikoku katika mji wa Imabari, unaojulikana kwa taulo na kuunda meli. Watu walidhani ni shughuli ya mstaafu. Imabari wakaingia JFL 2017, J3 2020, J2 2025, na 2023 wakahamia uwanja wao wenyewe, ambao hawakungoja manispaa iwajengee. Mwendo wao ni wa polepole kuliko Iwaki, na kwa maoni yangu ni mgumu zaidi kuiga, kwa sababu si kila mji una Okada.

## Wachezaji na mashabiki

Ni kweli Kazu Miura alicheza daraja la nne akiwa na miaka 55?

Kweli. Kazuyoshi Miura, mshambuliaji wa zamani wa timu ya taifa aliyezaliwa Februari 1967, alijiunga kwa mkopo na Suzuka Point Getters ya JFL mwaka 2022, kocha akiwa kaka yake, Yasutoshi. Tarehe 9 Oktoba 2022 Suzuka walicheza na Criacao Shinjuku kwenye Uwanja wa Taifa, Tokyo. Waliokuja walizidi 16,000, rekodi wakati huo kwa ligi ambayo mechi zake nyingi huhesabu watu kwa mamia.

Suzuka hao ndio waliomwajiri Mhispania Milagros Martínez mwaka 2019, mwanamke wa kwanza kufundisha timu ya wanaume kwenye ligi ya ngazi ya taifa Japani.

Nankatsu si jina la kwenye katuni?

Ni hilohilo. Nankatsu SC wa Katsushika, Tokyo, wanacheza Ligi ya Kanto, na mmiliki ni Yoichi Takahashi, mchoraji aliyemuumba Tsubasa, shujaa wa katuni hiyo ya soka. Mwaka 2022 walimsajili Junichi Inamoto, aliyewahi kuwa Arsenal. Waliokua wakimtazama Tsubasa akikimbia uwanja mzima vipindi vitatu bila kufika golini watafurahi kujua timu ipo, na kwamba kiwanja ni cha urefu wa kawaida.

Naweza kutazama nikiwa Dar, Mombasa au Goma?

J3 ndani ya Japani iko DAZN, huduma ya kulipia ya kutazama michezo mtandaoni. Mechi nyingi za JFL na za ngazi za chini hupatikana YouTube, ubora wa picha ukitegemea nani ameshika kamera. Kuhusu saa: Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, kwa hiyo mechi ya saa saba mchana kwao ni saa moja asubuhi Dar na Mombasa, na saa kumi na mbili Goma. Unaimaliza na chai.

Ukifika huko, mechi nyingi za ligi za kanda ni bure. Hakuna geti wala tiketi. Wakati mwingine hakuna hata jukwaa, unasimama nyuma ya uzio.

## Mambo ya pembeni

Timu za akiba za J1 zinaruhusiwa?

Ziliwahi. Kati ya 2016 na 2020 J3 ilikuwa na timu za vijana chini ya miaka 23, zikiwemo za Gamba Osaka na Cerezo Osaka. Hazikuruhusiwa kupanda. Vyuo vikuu pia vimewahi kuingiza timu. Ryutsu Keizai walikuwa na moja JFL.

Ilikuwaje Matsumoto Yamaga wakafungamana na habari ya msiba?

Mwaka 2009, wakiwa Ligi ya Hokushinetsu, Yamaga waliwafunga Urawa Reds 2–0 kwenye Kombe la Mfalme na mwisho wa mwaka wakapanda JFL. Mwaka 2011 walikuwa na Naoki Matsuda, beki wa zamani wa timu ya taifa. Tarehe 2 Agosti alianguka mazoezini, moyo ukasimama, na pale uwanjani hapakuwa na kifaa cha kuushtua. Alifariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 34. Timu ilimaliza msimu na kupanda J2. Walifika J1 mwaka 2015, na mwisho wa 2021 wakateremka mpaka J3.

Kuna klabu iliyoingia bila kuanzia chini?

Yokohama FC. Mwishoni mwa 1998 wadhamini wa Yokohama Flügels waliamua kuiunganisha na mahasimu wao wa mji uleule, Marinos. Flügels walicheza Kombe la Mfalme wakijua kila mechi inaweza kuwa ya mwisho, na tarehe 1 Januari 1999 wakalibeba. Siku hiyo klabu ikafa ikiwa bingwa.

Mashabiki waliokataa kuwa Marinos walichanga, wakaunda klabu mpya na kuomba kuingia. Walipewa nafasi ya pekee JFL 1999, wakaongoza ligi msimu huo na uliofuata, na 2001 wakawa J2. Hiyo ndiyo klabu iliyomkopesha Miura kwa Suzuka.